Mpima Reli wa Kontiomäki

Kazi yangu ni kusikiliza chuma.
Usiku, treni za magogo zikishapita,
nasukuma kigari changu juu ya reli,
nadondosha maji ili sauti isipotelee hewani,
nashusha mawimbi yasiyosikiwa na sikio;
yanagonga chini, yanarudi, nayasoma kiooni.
Mstari ukilala, nasonga.
Ukiruka, napiga magoti thelujini
nachora alama ya njano.
Asubuhi wanakuja watu wa msumeno.
Hawaulizi neno.

Kwa hiyo siku ile kliniki, kule Kajaani,
mkunga Irmeli aliposema nipandishe fulana
(mficha uchi hazai, na haya nilishazivuka)
akanipaka ute wa baridi tumboni,
niliyajua yale maji, niliijua ile mashine.
Ila sikuwahi kulala upande wa reli.

Ulikuwa umekunja ngumi. Ukapiga teke, ukageuka
kama mtu aliyemulikwa tochi usingizini.
Irmeli alikupima ukosi mara tatu.
Mambo yakiwa sawa, mara moja hutosha.
Hilo unaweza kumficha yeyote asiye mpimaji.

*Mmoja kati ya mia na themanini.*
Ndivyo barua ilivyosema: shingo yako,
damu yangu, miaka yangu thelathini na tisa,
vyote vimejumlishwa vikawa sehemu.
Tuukka alihesabu njegere kavu mezani,
mia moja sabini na tisa, akatia punje ya kahawa,
akachanganya kwa viganja vyote viwili.
"Tazama, Outi. Haionekani."
Niliiona papo hapo.
Sikuona kingine.

Husemwa usilolijua ni usiku wa giza.
Mimi gizani ndimo ninamokula mshahara;
Desemba hapa jua huchungulia
kama jirani mwenye deni, likaondoka.
Giza halinitishi. Inanitisha rangi ya njano.
Niliwahi kuipaka, wakakata,
kipande kikatoka kizima kama siku kilipofuliwa.
Na niliwahi kupita bila kuipaka,
na kwenye baridi ya thelathini chini ya sifuri
reli ikapasuka kwa mlio wa bunduki.
Hakufa mtu. Bado naisikia.

Kuna sindano ndefu, ya kuingia katika maji yako.
Hiyo hunena kweli,
lakini mara chache, mara chache sana,
huondoka na yule aliyekuwa anaulizwa.
Kuna damu ya mkono wangu,
ambamo chembe zako tayari zinaogelea:
hujazaliwa na umeshaanza kuvujisha siri.
Na kuna kuikunja barua, basi.

Mama mkwe, Kerttu, si msemaji, hata saunani.
Alikaa juu, mimi benchi la chini kwa ajili yako.
"Mwaka wa sabini na nane nilizaa msichana.
Siku tisa. Hakuna aliyejua, si mimi, si daktari."
Akamwagia mawe maji.
Nikangoja aseme heri hakujua.
Mvuke ukapanda, ukashuka.
"Ningalijua, ningalifuma kofia ndogo zaidi.
Ile ilimfika puani."

Alhamisi nikapiga simu.
Sindano, nikasema, hapana.
Chukueni damu ya mkono.
Na msiniulize leo nitafanya nini.
Niulizeni nikishajua,
na hata hapo, niulizeni polepole.
Nikaisikia kalamu ya Irmeli ikikwaruza.
"Jumatatu," akasema, "saa mbili na robo."

Jioni tukala supu ya njegere,
kama nyumba nyingi hapa kila Alhamisi.
Zilikuwa zilezile; Tuukka aliziloweka usiku.
Punje ya kahawa aliitoa kwanza,
akaiweka kwenye kisahani, karibu na chumvi.

Iko pale pale. Tunapitisha mkate juu yake.